Manyoya ya mbegu yamesogea yenyewe kwenye foto zangu 14. Nani anaweza kueleza?

#1 Tumba_la_Himbi
Habari za Jumapili wote.

Kwetu Himbi, hapa Goma, ukuta wa uwanja umejengwa kwa mawe ya volkano, na kwenye nyufa zake huota majani ambayo mama huyang'oa kila salongo, ile siku ya usafi wa pamoja. Nilimwomba aniachie kona moja. Huu ni mwaka wa pili napiga foto pale, karibu karibu: matumba kabla hayajafunguka, na vichwa vya mbegu baada ya ua kwisha. Ua lenyewe silipigi sana. Tumba ndilo linaloniteka, jinsi lilivyojifunga na kujikaza, na kichwa cha mbegu jinsi kilivyojipanga kabla upepo haujakivuruga.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipiga kichwa kimoja chenye manyoya meupe. Natumia telefone ya kawaida na lensi ndogo ya kubana mbele yake. Telefone niliilaza juu ya jiwe, nikaikaza kwa kitambaa, nikaweka ile saa ya sekunde 3 ili kidole changu kisiitikise. Foto 14, dakika kama tano. Mmea sikuugusa. Upepo hakuna, jani la mgomba wa jirani lilikuwa limening'inia kimya.

Nikaweka ya kwanza na ya mwisho pamoja kwenye kompyuta. Manyoya ya upande wa kushoto, upande wa ukuta, yamelala nje zaidi. Ya kulia yako vilevile. Kuna unyoya mmoja wenye tone la umande: kwenye foto ya 1 tone liko usawa wa mbegu ya pili, kwenye ya 14 limeshuka limepita ya tatu.

Kitu gani kimeyasogeza? Zote 14 nimeziweka hapo chini.

#2 Kaka_Katindo
Upepo dada. Wewe huusikii, unyoya unausikia.

#3 FundiBirere
Jambo dada. Miye niko natengeneza telefone pale Birere, hizi lensi za kubana nazijua. Spring yake inalegea polepole. Lensi inashuka kidogo kidogo, picha nzima inahama, weye unafikiri ni ua. Angalia kama jiwe la nyuma nalo limehama.

#4 Tumba_la_Himbi
@FundiBirere nimeangalia sasa hivi. Kuna kikokoto cheusi kwenye ukuta chenye tundu, kiko palepale kwenye foto zote. Na kama ni lensi, mbona manyoya ya kulia hayakuhama?

@Kaka_Katindo upepo ungeyatikisa yakaenda yakarudi. Haya yamekwenda upande mmoja tu, polepole, toka ya 1 hadi ya 14.

#5 Mwalimu_wa_Biolojia
Dada, hilo ni unyevu, na lina maelezo mazuri kabisa. Ua hilo ni la jamii ya pissenlit (kwa Kiingereza dandelion). Pale katikati manyoya yanapokutana kuna tishu ndogo sana. Ikinywa maji inavimba, na kwa kuvimba inayasukuma manyoya yainuke na kukusanyika kama mwavuli uliofungwa. Ikikauka, mwavuli unafunguka. Faida yake ni kwamba mbegu haiondoki siku ya unyevu, ingeanguka palepale chini ya mama yake. Inangoja hewa kavu ndipo iruke.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Edinburgh walionyesha pia inavyopaa. Mbegu moja ina manyoya kama 100, na sehemu kubwa kati yao ni nafasi tupu, lakini hewa inayopita humo hujiviringisha kama pete juu ya mbegu na kuishikilia isianguke haraka. Unaona kwa nini manyoya yakifungwa hakuna safari.

Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu kulikuwa na umande, ulipoanza kukauka, manyoya yakaanza kufunguka. Umelinasa tendo lenyewe. Hongera sana.

#6 Mboga_na_Majani
Mwalimu heshima yako, ila hii si pissenlit. Kuza foto ya 6 uangalie shina: lina matawi, na kila tawi lina kichwa chake. Pissenlit hutoa kichwa kimoja juu ya kikonyo kitupu chenye uwazi ndani, bila jani.

Halafu tazama mbegu zenyewe. Ya pissenlit ina shingo ndefu nyembamba, manyoya yanakaa mbali juu kama mwavuli wenye mpini. Hizi hazina shingo, manyoya yamekaa moja kwa moja juu ya mbegu, laini kama pamba. Ni Sonchus, wale ndugu wa mchunga, ambao majani yake tunawapa sungura na dende, wale panya wa kufugwa. Utafiti ule ulikuwa wa pissenlit. Kuuhamishia hapa ni kukisia.

#7 Mwalimu_wa_Biolojia
@Mboga_na_Majani umenirekebisha vizuri, shina sikuliangalia. Lakini mimea mingi ya familia hii manyoya yake yanacheza na unyevu. Bado nasimama pale.

#8 Papa_Esperance
Mimi nafikiri ni pumzi yako, mama. Nakwambia kwa kisa changu. Mwaka jana nilikuwa napiga mbegu za kishona-nguo, zile nyeusi zinazonata kwenye suruali. Kila moja ina meno mawili au matatu kichwani, na kila jino lina miiba midogo inayotazama nyuma, kama ndoana. Nilitaka ile miiba ionekane. Nikasogea hadi pua yangu inakaribia kugusa. Kila foto ukungu, nikadhani lensi imeharibika. Kumbe ni asubuhi ya baridi, napumua juu ya kioo.

Pumzi ya mtu ina joto na maji. Ukipumua mara kumi na nne karibu na manyoya yale, utayabadilisha wewe mwenyewe. Siku hizi nageuza uso pembeni, nabonyeza, ndipo napumua.

#9 Mboga_na_Majani
Lakini Papa Esperance, kwa hesabu ya Mwalimu pumzi yenye maji ingeyafunga. Yake yamefunguka.

#10 Papa_Esperance
Maji yangeyafunga, joto lingeyafungua. Pumzi ina vyote viwili. Kipi kinashinda sijui, ila usimwondoe mpiga foto kwenye hesabu.

#11 Aparei_ya_Zamani
Ngojeni kwanza. Dada, zile 14 ulilenga mahali pamoja, au ulikuwa unasogeza mahali pa kulenga?

#12 Tumba_la_Himbi
Nilikuwa nasogeza. Mbele kwanza, halafu nyuma kidogo kidogo, ili baadaye niziunganishe kwa programu zitoke foto moja kali yote.

#13 Aparei_ya_Zamani
Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Ukisogeza mahali pa kulenga, lensi inabadilisha pia ukubwa wa picha, kidogo tu, lakini kwa karibu namna hiyo kidogo ni kingi. Vitu vya pembeni vinahama kuliko vya katikati. Manyoya yako ya kushoto yako pembeni ya picha, ya kulia yako karibu na katikati. Hakuna kilichosogea, ni lensi iliyonyoosha.

Na kwa wanaoanza, mjue kwa nini tunahangaika kuunganisha foto nyingi. Kwa aparei yangu, nikipiga kitu kwa ukubwa wake halisi, kwa f/8 (kipimo cha tundu la lensi), sehemu inayotoka kali ni kama milimita moja tu. Kichwa cha mbegu kina sentimita moja na zaidi. Ukilenga manyoya ya mbele, mbegu za katikati zimekwisha kupotea. Ukibana lensi hadi f/22 ukitaka vyote, mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo na picha yote inalegea. Ndiyo maana f/8 hadi f/11, foto nyingi, na subira.

#14 FundiBirere
@Aparei_ya_Zamani unasema vizuri muzee, lakini kile kikokoto cheusi alisema hakijahama, na chenyewe kiko pembeni.

#15 Aparei_ya_Zamani
Kiko pembeni, lakini kiko nyuma, hakijawahi kuwa kali kwenye foto hata moja. Kitu chenye ukungu kikihama nusu milimita utajuaje?

#16 Jiwe_la_Buhene
Mimi nasema volkano. Tunaishi chini ya Nyiragongo. Baada ya Mei 2021 ardhi ilitetemeka siku ngapi hapa mjini, barabara zikapasuka. Hata leo kuna mitetemo ambayo mguu hausikii, mashine za Observatoire ya volkano zinasikia. Unyoya si mwepesi kuliko mguu?

#17 Kaka_Katindo
Ndugu, ukitetemeka mji, jiwe linatetemeka, na telefone iko juu ya jiwe. Vyote vinacheza dansi moja. Foto isingeonyesha kitu.

#18 Jiwe_la_Buhene
Shina refu na jiwe havichezi dansi moja. Panda juu ya mti wakati wa tetemeko uniambie.

#19 Dada_wa_Kadutu
Nawasalimu kutoka Bukavu. Wote mnaangalia manyoya. Angalieni chini yake, kwenye kikombe cha kijani.

Mmea huu unajifunga mara mbili, na watu wengi wanaopiga foto za matumba wanadanganyika hapo. Kwanza kuna tumba la kweli, kabla ya ua. Linafunguka asubuhi, njano, na jua likipanda linafunga. Ua likiisha kabisa, kikombe kinajifunga tena kwa siku kadhaa wakati mbegu zinakomaa ndani. Kinakuwa na tumbo chini na ncha juu, kama kitunguu. Ukikata katikati kwa wembe utakuta manyoya meupe yamebanwa mle ndani, yameloa. Kisha vile vijani, yaani majani madogo, vinavyokizunguka vinakauka na kupinduka nyuma, na kichwa chote kinatandazika.

Sasa tazameni foto ya 1 na ya 14 chini kushoto. Kijani kimoja cha kikombe kilikuwa kimesimama. Kwenye ya 14 kimeinama. Si manyoya yaliyojisogeza, ni kikombe kilichoyaachia. Ndiyo maana ni upande mmoja.

Na samahani dada Tumba, ile foto uliyoweka mwezi uliopita ukaiita tumba, halikuwa tumba. Lilikuwa lile la pili, lenye tumbo.

#20 Tumba_la_Himbi
Dada wa Kadutu, umenishika. Nimeifungua tena, na kweli juu kwenye ncha kuna nyuzi za njano zilizokauka. Tumba lisingekuwa na ua lililokauka juu yake. Nimelitazama mwezi mzima sikuona. Aksanti sana.

Kijani cha chini kushoto nakiona kimeinama. Lakini swali langu linabaki: kwa nini cha kushoto, na si cha kulia?

#21 Mwalimu_wa_Biolojia
Kwa sababu kushoto kuna ukuta. Jiwe la volkano ni jeusi, linakunywa jua mchana kutwa na kutoa joto usiku. Upande ule ulikauka kwanza. Kwa hiyo tunarudi kwenye unyevu.

#22 Mboga_na_Majani
Mwalimu, umewahi kugusa jiwe lile saa kumi na mbili na nusu? Lina baridi kama maji ya ziwa.

#23 Mwana_Lubumbashi
Jambo kutoka Lubumbashi. Huku ardhi nyekundu, na toka Mei hadi Septemba karibu hakuna mvua. Mwezi wa 8 nimepiga vichwa vya mbegu alfajiri, mchana, jioni. Vyote wazi. Sijawahi kukuta kimoja kimefunga mwezi ule. Mvua zikianza ndipo naanza kuvikuta asubuhi vimejikusanya. Hilo linampa Mwalimu nguvu, ingawa mimi si mtu wa majani.

Kwa kuwa niko hapa, nauliza pia: kuna aliyepiga ua la shaba kwa karibu? Haumaniastrum katangense, lile linaloota kwenye udongo wenye shaba nyingi. Watu wa zamani walijua likiota mahali, chini kuna mali. Vichwa vyake vidogo vimejaa matumba yaliyosongamana na sipati mwanga unaoingia katikati.

#24 Aparei_ya_Zamani
@Mwana_Lubumbashi usitumie flashi ya mbele. Chukua karatasi nyeupe, iegemeze upande wa pili wa jua, karibu kabisa na ua hadi inakaribia kuingia kwenye foto. Mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi ndio unaoingia kwenye mashimo. Na jua lenyewe liwe nyuma ya ua au ubavuni, hasa kwa vitu vyenye manyoya.

#25 Kaka_Katindo
Watu wa Lubumbashi hata kwenye maua mnatafuta shaba. Sisi tunatafuta picha tu.

#26 Mwana_Lubumbashi
Na nyinyi hata kwenye maua mnatafuta volkano. Soma #16.

#27 Muzee_wa_Majengo
Wanangu, nimesoma yote. Mimi sina aparei, mjukuu ndiye anayenionyesha foto zenu, naye ndiye anayeandika haya.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita mjini. Kiwanja chetu kilifunikwa, mlango wa nyumba uliishia ndani ya jiwe. Kwa muda mrefu palikuwa jeusi tupu, ukitembea viatu vinakatika. Kitu cha kwanza nilichokiona kikiota si jani. Ni ule ukoko wa kijivu, mweupe-mweupe, kama nywele za mzee zilizokatwa. Halafu kangaga kwenye nyufa, mahali vumbi lilipokusanyika. Halafu ndipo yakaja haya yenu yenye manyoya. Nani aliyapanda? Hakuna mtu. Yalikuja kwa hewa, moja likatua kwenye ufa wenye kijiko kimoja cha udongo.

Mke wangu alitaka kuling'oa, nikamwambia liache. Leo pale pana maharage.

Kwa hiyo mimi kama manyoya yamefunguka kwa jua au kwa kikombe siwezi kuwaambia. Nataka tu kuona foto ya yule wa kwanza, ule ukoko wa kijivu. Mjukuu anasema mnaweza kuupiga karibu.

#28 Mboga_na_Majani
Shikamoo Muzee. Huo ni Stereocaulon, ndio unaotangulia kwenye lava zetu hizi. Si mmea, ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja mwili mmoja. Kwa karibu ni vichaka vidogo vyenye punje-punje. Nitampigia Muzee Jumamosi, kwenye lava ya 2021 kule Buhene.

#29 Mama_Furaha
Mimi nina shida ya watu, si ya manyoya. Nikiinama pembeni ya barabara Ndosho kupiga kichwa cha mbegu, dakika tano haziishi wamenizunguka. "Mama, hiyo ni dawa ya nini?" Wiki iliyopita mama mmoja alining'ang'ania nimwambie dawa ya tumbo. Nilipomwonyesha kwenye telefone, manyoya yamejaa kioo chote, alikaa kimya, halafu akaita wengine. Tulimaliza saa nzima. Wenzangu mnafanyaje?

#30 FundiBirere
Mama Furaha, onyesha foto tu, hivyo hivyo.

Kwa wale bila lensi ya kubana: nendeni kwa fundi muombe lensi ya ndani ya mashine ya DVD mbovu. Ni kidoto cha plastiki, kidogo kuliko kifungo cha shati. Bandika mbele ya lensi ya telefone. Utaona vitu ambavyo lensi ya duka haitoi. Ila lazima usogee sana, na pembeni picha inakuwa na ukungu.

#31 Dada_wa_Kadutu
Kuna Mjerumani, Karl Blossfeldt, aliyezaliwa 1865, mwalimu wa sanaa Berlin. Miaka mingi alifanya kazi hii tunayoifanya: matumba, machipukizi, vichwa vya mbegu, akavikuza mara nyingi ili wanafunzi wake wajifunze maumbo. Nyuma aliweka karatasi ngumu tupu, nyeusi, nyeupe au ya kijivu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1928, akafa 1932. Mashina yake yanafanana na nguzo na vyuma vilivyofuliwa. Tumba lililojikunja linafanana na fimbo ya askofu.

Alikuwa anayakata, anapunguza majani yasiyotakiwa, kisha anapiga ndani ya nyumba. Dada Tumba, ukikata kichwa ukakiweka mezani, upepo, ukuta na volkano vyote vinaondoka. Utajua.

#32 Papa_Esperance
Pumzi haiondoki.

#33 Tumba_la_Himbi
Kukata moyo wangu hautaki. Baada ya maneno ya Muzee ndiyo kabisa.

#34 Mboga_na_Majani
Kichwa kimoja cha Sonchus hakitaumiza mtu, ni gugu, kesho yapo kumi. Ila kukata nako kunaleta sogeo jipya, kikonyo kilichokatwa kinaanza kunyauka na kichwa kinainama. Utakuwa umeondoa sababu tatu ukaongeza moja.

#35 Tumba_la_Himbi
Nimerudi, ni Jumatano. Nimejaribu bila kukata.

Jana jioni nilifunika kichwa kingine kwa glasi, na ndani nikaweka kitambaa kibichi. Asubuhi manyoya yalikuwa yamejikusanya kama brashi. Mwalimu alikuwa sahihi hapo. Nikaondoa glasi, nikalenga mahali pamoja tu bila kusogeza, kama alivyotaka Aparei. Nikafunga leso puani kwa ajili ya Papa Esperance. Foto 20 kwa dakika kumi.

Yalifunguka. Lakini safari hii yalifunguka pande zote sawasawa, na kijani cha chini hakikuinama hata kidogo. Kwa hiyo hili la leo ni la Mwalimu. Lile la Jumapili, la upande mmoja, bado.

#36 Dada_wa_Kadutu
Kijani hakikuinama kwa sababu kichwa hiki kilikuwa kimekwisha kufunguka zamani. Tafuta kipya.

#37 Aparei_ya_Zamani
Nami bado nasema, rudia kile cha Jumapili bila kusogeza mahali pa kulenga.

#38 Tumba_la_Himbi
Cha Jumapili kimekwisha. Jumatatu alasiri kulipiga upepo wa mvua, nikakuta kikonyo na kitako cheupe chenye vidoti vidoti, mbegu zote zimeondoka. Nimekipiga pia. Kila kidoti ni mahali mbegu ilipokuwa imeshika.

#39 Mama_Furaha
Samahani, jana nilikuwa nazikuza zile 14 moja moja nikimwonyesha mtoto. Foto ya 9, chini ya kikombe, kushoto. Kuna mdudu wa kijani. Mtoto ndiye aliyemwona.

#40 Mboga_na_Majani
Kidukari! Sonchus ndiyo nyumba yao. Wanafyonza pale pale kwenye kikonyo. Kwenye ya 8 hayupo.

#41 Tumba_la_Himbi
Nimekuza, yupo kweli. Rangi moja na kikombe, ndiyo maana sikumwona. Lakini kwenye ya 5 kijani kimekwisha kuanza kuinama, na kwenye ya 10 mdudu hayupo tena, na manyoya yanaendelea kufunguka hadi ya 14.

#42 FundiBirere
Yuko nyuma ya kikombe. Weka telefone mbili.